Duka la vifaa vya ujenzi Tunduru linalonipimia rangi kwa kikombe

Ukiingia duka hili kwa mara ya kwanza hutadhani kuna mtu anakuja hapa kutafuta vifaa vya kuchorea picha. Mlangoni mabati yamesimamishwa, ndani kuna misumari kwenye ndoo, vitasa, waya wa kuku, saruji, kamba za katani na pampu za kupulizia mikorosho dawa. Rangi ziko ukuta wa nyuma, kwenye rafu tatu za mbao. Mimi ni mchoraji, naishi Nakapanya, kijiji kilicho kwenye barabara ya Tunduru kwenda Masasi, na huu ni mwaka wa saba nanunua rangi zangu zote hapa. Wenye duka, mume na mke, wameniomba nisiandike majina yao, nami naheshimu. Ukishuka stendi ya Tunduru uliza tu duka la dada anayepima rangi kwa kikombe, bodaboda atakufikisha.

Kuchora nilifundishwa na mjomba wangu Dar es Salaam, Msasani, kwenye vibanda vya wachoraji wa Tingatinga, mtindo wa picha uliopewa jina la mwanzilishi wake. Nilikaa naye miaka tisa, mama alipoanza kuugua miguu nikarudi nyumbani. Wapo waliodhani nimeacha kazi. Sikuiacha, nilihama nayo. Nachora barazani asubuhi kabla bati halijashika moto, na tena alasiri. Picha kubwa natuma kwa mjomba, yeye anaziuza kwa wageni na wenyeji wanaopita kibandani. Hapa kijijini nauza mkono zaidi kuliko picha: bango la kinyozi, bango la mama ntilie, ukuta wa mashine ya kusaga, ramani ya Tanzania kwenye darasa la shule, vibati vya pikipiki. Kwa hiyo rangi kwangu ni kama mbegu kwa mkulima. Ikiwa mbovu, msimu wote umekwenda.

Na kazi hii ilianza na vifaa vya ujenzi tangu siku ya kwanza. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa wilaya hii hii ya Tunduru, mwaka 1932, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alichukua hadibodi, ubao ule mwembamba wa kushindiliwa, na rangi ya mafuta, ile inayong'aa, ya kupakia hata baiskeli. Alifariki mwaka 1972, mtu mzima bado kijana, lakini vipimo vyake tunavyo mpaka leo. Hadibodi moja ya futi nne kwa nane inatoa miraba minane ya futi mbili kwa mbili na hakuna kipande cha kutupa. Ndiyo maana siwezi kulipima duka hili kwa mizani ya maduka ya sanaa ya mijini. Maswali yangu ni mengine. Je, rangi iliyomo kwenye kopo ndiyo iliyoandikwa nje? Nitaipata kwa kiasi ninachohitaji? Na mwezi wa nne, wakati kijiji kizima hakina hela, nitaipata?

Kwanza nieleze kikombe, kwa sababu bila kikombe hicho sidhani kama ningekuwa bado nachora.

Picha moja ya futi mbili kwa mbili inakula rangi kidogo sana. Nyekundu ya mdomo wa ndege ni vijiko viwili. Lakini nahitaji rangi tisa mezani kwa wakati mmoja. Lita moja ya rangi ya mafuta nilipoanza kuja ilikuwa shilingi elfu kumi na mbili, sasa ni elfu kumi na tano. Zidisha kwa tisa uone mtu ambaye hajauza hata picha moja anatakiwa atoe shilingi ngapi. Na kopo likishafunguliwa halikusubiri. Chini ya bati la Nakapanya, mwezi wa kumi, wiki mbili tu utando mzito umeshika juu, na ukiuondoa unakuwa umetupa robo ya rangi uliyoilipia.

Maduka mawili niliyoingia kabla ya hili walinijibu kwamba hawavunji kopo. Siwalaumu, kopo lililofunguliwa ni hasara ya mwenye duka pia. Hapa nilimkuta dada mwenyewe kaunta. Nikamsalimu, nikamweleza, naye akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na muuza rangi: "Unachora nini?" Nilikuwa na picha ndogo ya kanga wawili kwenye mkoba, nikamtolea. Aliishika kwa ncha za vidole, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaita mumewe. Kisha akachukua kikombe cha plastiki cheupe, kile cha kupimia chenye mistari pembeni, akasema, "Tutapima. Lakini leo chukua rangi ambazo mafundi wangu pia wanazitumia, ili kopo lisinilalie."

Mpaka leo utaratibu ni huo. Jumatatu, siku mafundi wanapokuja kuchukua vifaa vya wiki, ndiyo siku ya makopo kufunguliwa. Mimi nafika siku hiyo.

Mtazame anavyopima. Hafungui kopo akamimina. Analipindua kwanza, linakaa kichwa chini wakati anaandika kwenye daftari. Akishalifungua anaingiza kijiti cha mwanzi alichokichonga bapa, anakigusisha chini kabisa, anakiinua polepole. Mashapo mazito yanakuja kwenye ncha kama uji ulioganda. Anayarudisha, anakoroga kwa kuzungusha upande mmoja, hageuzi, mpaka kijiti kitoke kimevaa rangi moja kutoka juu hadi chini. Ndipo anamimina kwenye kikombe, anakiinua mstari ukae sawa na macho yake, ananionyesha, ananimiminia kwenye kikopo changu. Kinachobaki ukutani mwa kikombe anakikwangua kwa kijiti hichohicho na kunipa. Tone la mwisho ni la kwangu. Nimemwona akifanya hivyo zaidi ya mara mia na hajaniruka hata mara moja, hata siku foleni ya mafundi inapiga kelele.

Hayo mashapo ndiyo uhai wa rangi. Nalisema hili kwa uchungu. Kabla sijalijua duka hili nilinunua nyeupe na njano kwenye duka moja la mji mwingine, nililipa bei kamili ya kopo, na kopo lilikuwa limeshaguswa. Lilikuwa limeongezwa petroli. Kwenye brashi iliteleza vizuri sana, nikafurahi. Nikachora picha tatu, twiga kwenye machweo, nikazituma. Miezi miwili baadaye mjomba akanipigia: "Mpwa wangu, rangi yako inabanduka kama ganda la muhogo." Mteja mmoja alikuwa ameirudisha picha, na mjomba alirudisha hela kutoka mfukoni mwake. Nilishindwa kula siku ile. Jina langu liko nyuma ya kila picha, na mnunuzi hajui habari za petroli, anajua jina.

Sasa kuhusu rangi zenyewe, nitasema ninavyoziona kazini.

Njano ni nzuri kuliko zote. Inafunika kwa mkono mmoja, inakauka usiku mmoja, na picha niliyoitundika barazani kwa mama miaka minne iliyopita bado inawaka. Nyekundu na ile damu ya mzee nazo sina la kulalamika. Bluu ni nzito, inataka thina kidogo tu, ukizidisha inaacha alama za brashi. Kijani naichanganya mwenyewe kwa bluu na njano kwa sababu ile ya kopo ni ya milango ya maduka, haina uhai wa jani. Zambarau hakuna, na ukichanganya nyekundu na bluu zao unapata rangi ya tope, mpaka utie nyeupe.

Nyeupe ndiyo inayonisumbua. Ikikaa gizani inageuka manjano. Hii si kosa la duka, rangi ya mafuta nyeupe ndivyo ilivyo, lakini mwenye kuchora lazima ajue: usifungie picha kabatini ukingoja mteja. Itundike mahali penye mwanga. Mimi kwa macho ya ndege na meno ya fisi naweka nyeupe mwisho kabisa, wiki ya kutuma.

Brashi za hapa sizipendekezi. Ndogo kabisa ni ya inchi moja, ya kupakia fremu za madirisha, na inamwaga nywele. Nimeshapoteza asubuhi nzima nikitoa nywele kwenye anga la picha kwa sindano ya kushonea. Zinafaa kwa bekigraundi tu, nazo uziloweke kwanza usiku kucha. Brashi nyembamba za kuchorea nywele za simba na mistari ya punda milia mjomba ananitumia kutoka Dar es Salaam. Nimemwomba shemeji (nawaita dada na shemeji sasa) alete hata dazeni moja za namba mbili. Amesema msambazaji wake hana. Nitaendelea kumwomba, kwa sababu najua kuna walimu wawili na kijana mmoja wa mabango hapa mjini wangenunua.

Hadibodi nayo uiangalie kabla hujalipa. Inawekwa nyuma, karibu na mlango wa uani, na masika pembe za karatasi za chini zinakunywa maji na kuvimba. Ninazochagua ni za katikati ya bunda. Wananikatia bila malipo, kwa msumeno, na mistari yao imenyooka.

Siku hizi lakini nachora zaidi kwenye kitambaa, marekani isiyopaushwa, kwa kuwa hadibodi haibebeki kwenye basi. Naiwamba kwenye fremu, naipaka rangi ya maji nyeupe iliyochanganywa na gundi ya mbao, mara mbili, ikikauka naisugua msasa laini. Vyote hivyo napata hapahapa: rangi ya maji kwa kikombe, gundi kwa kikombe, msasa kwa kipande.

Na hapa ndipo shemeji alipofanya jambo ambalo halimo kwenye biashara yake. Nilikuwa nakunja picha, nazifunga kwenye nailoni na kanga kuukuu, nakabidhi basi la Dar es Salaam alfajiri. Zilikuwa zinafika na mikunjo, wakati mwingine na alama ya mguu wa kiti. Siku moja aliniona stendi na furushi langu. Akaniambia, "Shemeji, hiyo ni kazi ya miezi miwili umeifunga kama magimbi." Akanirudisha dukani, akakata mita moja na nusu ya bomba la majitaka la inchi nne, akalisugua kingo kwa msasa, akanipa vifuniko viwili. Ndani yake akaweka bomba la inchi mbili. Picha zinaviringishwa kwenye bomba dogo, uso wa rangi ukiangalia nje ili usijikunje na kupasuka, katikati ya kila moja karatasi ya kufungia mikate, kisha vyote vinaingia kwenye bomba kubwa. Nililipa elfu kumi na nne kwa bomba na vifuniko, na mjomba analirudisha kwa basi lilelile. Bomba hilo limekwenda Dar es Salaam na kurudi sijui mara ngapi.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kusini ilikatika maeneo ya Somanga. Bomba langu lilikuwa humo njiani, na picha kumi na moja ndani. Abiria walilala porini, magari yamepanga mstari, mvua haikatiki, na mizigo iliyokuwa chini ya basi ililowa. Kwa siku kadhaa sikupata habari yoyote. Mama alikuwa ananiuliza kuhusu watu, mimi namjibu kuhusu watu, na moyoni nawaza pia lile bomba. Lilipofika mjomba alilifungulia mbele ya simu ili nione. Nje limejaa matope. Ndani karatasi zilikuwa kavu, unasikia zinavyokwaruza anapozivuta. Nilimpigia shemeji kabla sijamwambia mtu mwingine.

Kuhusu kukopa. Huku kwetu hela ina msimu. Korosho zinapoanza kuuzwa mnadani, kuanzia mwezi wa kumi, kila mtu anataka bango, anataka ukuta upakwe, anataka jina la mtoto kwenye pikipiki. Ikifika masika hakuna anayeniita, na picha za Dar es Salaam nazo zinalipwa zikiuzwa, siyo zikifika. Dada ana daftari la kurasa za mraba, mimi nina ukurasa wangu. Deni halizidi elfu hamsini, halina riba, na huchukui jipya kabla hujapunguza la zamani. Mwaka ambao mama alilazwa nilichelewa miezi mitano. Hakunitajia mbele ya wateja. Alinitumia ujumbe mmoja wa kunijulia hali ya mgonjwa, akaongeza mwishoni kwamba ukurasa wangu upo. Nililipa mwezi wa kumi na moja, yote.

Ni haki msomaji ajue pia kwamba ukuta wa nje wa duka, ule wenye fundi aliyepanda ngazi na ndege wanaobeba makopo ya rangi, niliuchora mimi, na nililipwa nusu kwa fedha na nusu kwa rangi. Mnaweza kulizingatia hilo mnaposoma sifa zangu. Nilishakuwa mteja wao kwa miaka mitatu kabla ya kazi hiyo.

Kuna siku moja nataka kuieleza kwa urefu wake. Wateja wa Dar es Salaam wanapenda tembo, tembo mwenye maua pembeni, na mwezi mkubwa nyuma. Nimechora wengi na nawapenda. Lakini hapa sisi tuko kwenye njia ya tembo, wanaotembea kati ya hifadhi ya Selous na ile ya Niassa kule Msumbiji, na mpunga ukikomaa wanakuja. Mwaka juzi waliingia bondeni usiku, jirani yangu akaamka hana shamba. Tulitoka na tochi, tukapiga madebe na masufuria mpaka alfajiri, watoto wamefungiwa ndani. Asubuhi nilikaa mbele ya tembo wangu mwenye maua nikashindwa kumaliza.

Nikaenda Tunduru, nikamwambia dada nataka kuchora usiku ule, na sina rangi yake. Nyeusi ya kopo ni nyeusi ya geti. Akaniuliza, "Usiku wenyewe ulikuwa wa nyota au wa mawingu?" Nikamwambia wa mawingu, hakuna mwezi, kuna tochi tu. Akafungua nyeusi, akanitaka nitie bluu mwenyewe kwa kijiko, yeye anakoroga. Vijiko vitatu, bado. Nikatia cha nne. Akaongeza tone la kijani, tone tu, akapaka kwenye kipande cha bati, tukakitoa nje juani, tukakirudisha ndani kivulini, tukakitazama. Mafundi wawili wakaacha saruji yao wakaja kutazama pia. Mmoja, mtu wa Namtumbo, akasema, "Hapo ndipo. Huo ndio usiku wa kulinda shamba." Dada akaandika vipimo nyuma ya ukurasa wangu kwenye daftari: nyeusi kikombe kimoja, bluu vijiko vinne, kijani tone. Mpaka leo vipo, na nikiagiza nasema tu nataka usiku.

Picha ile mjomba aliihofia. Alisema wageni hawatanunua tembo mwenye hasira na watu wenye madebe. Ilikaa kibandani miezi mitano. Aliyeinunua ni mtu anayeishi Mbagala, kwao ni huku kusini, hakuomba hata kupunguziwa. Tangu hapo kwenye kila bomba ninalotuma, kati ya picha kumi, moja ni ya usiku huo au ya jambo jingine la hapa: foleni ya mizani ya korosho, wanawake kisimani, basi lililokwama. Haziuzwi haraka. Nazichora.

Kama unataka kwenda, mambo machache. Nenda Jumatatu kabla ya saa nne. Ijumaa wanafunga mchana kwa swala na wanachelewa kufungua. Chukua vikopo vyako vyenye vifuniko vya kubana, vya maziwa ya unga au vya asali, na uvisafishe kwa thina, visiwe na hata tone la maji ndani, dada hamimini rangi kwenye kikopo chenye unyevu. Ukihitaji thina beba chupa ya kioo, za soda wanazikataa kwa sababu watoto wanadhani ni kinywaji. Na ukiona kwenye rafu ya pili kikopo kidogo kimeandikwa "usiku" kwa chaki, hicho usikiguse, nimeshakilipia.